Nukuu Elfu Arubaini Zina Uzito Gani? Kumsoma Mtafiti wa Jeni za Saratani kwa Hesabu Zake

Jioni moja, kwenye baraza ya nyumba yetu ya Mji wa Kale, Mombasa, binti wa ndugu yangu alinipa simu yake nisome. Anasomea sayansi ya maabara ya tiba, na siku hizo alikuwa ameshughulishwa na jambo la nyumbani: mama yake mdogo alikuwa amegunduliwa kuwa na saratani ya titi akiwa bado na umri mdogo, na daktari alikuwa ametaja uwezekano wa jeni ya kurithi pamoja na makala moja ya mtafiti wa ng'ambo. Binti alimtafuta mtafiti huyo kwenye intaneti akakuta ukurasa uliojaa tarakimu: nukuu 40,000 na ushei, na kando yake herufi h ikifuatwa na 86. "Ami," akaniuliza, "huyu ni mkubwa kiasi gani?" Usiku ule nilimjibu kwa maneno machache, na jawabu refu ndilo hili.

Kila makala ya kisayansi huishia kwa orodha ya kazi za waliotangulia, ambazo mwandishi amezitegemea, amezisahihisha au amezipinga. Kazi ikitajwa katika orodha ya namna hiyo, husemwa kuwa imenukuliwa mara moja. Mtu aliyewahi kuhudhuria darsa za hadithi msikitini anao tayari ufunguo wa jambo hili, kwa kuwa isnadi nayo ni mnyororo wa majina unaoonyesha neno limepokewa kutoka kwa nani hadi kwa nani. Hata hivyo, kuna tofauti ambayo ndiyo chanzo cha mkanganyiko wote tunaoufumbua hapa. Wanazuoni wa hadithi humkagua kila mpokezi, wakachunguza uadilifu wake, nguvu ya kumbukumbu yake, na kama kweli aliwahi kukutana na yule anayedai kupokea kwake. Wingi wa njia wanauzingatia, lakini hawauachi uchukue nafasi ya ukaguzi huo. Kompyuta inayohesabu nukuu haifanyi lolote katika hayo. Inakuta jina, inaongeza moja, inaendelea na safari yake.

Hesabu yenyewe haikubuniwa ili kupima ukubwa wa watu. Mwaka 1955 Mmarekani Eugene Garfield alipendekeza katika jarida la Science kwamba itengenezwe faharasa ya nukuu, ambayo ingemwezesha msomaji kuanza na makala moja ya zamani kisha aone ni nani baadaye waliitumia. Wazo hilo alilipata kwa mawakili, ambao huko Marekani walikuwa na vitabu vya aina hiyo tangu karne ya 19, vikiwaonyesha kama hukumu fulani ya mahakama bado inafuatwa au imekwisha kutenguliwa. Faharasa ya Garfield ya sayansi ilianza kutoka mwaka 1964 na ilikuwa chombo cha kutafutia. Wasimamizi wa maktaba wakaitumia kuamua wanunue majarida gani, na kuanzia mwaka 1975 kikachapishwa kila mwaka kipimo cha athari ya majarida, yaani wastani wa nukuu ambazo makala za jarida la miaka miwili iliyopita zimepata katika mwaka unaohesabiwa. Kutoka kulipima jarida hadi kumpima mtu aliyeandika ndani yake palikuwa na hatua fupi, na vyuo vikuu vikaichukua bila kusita.

Ile herufi h ni mgeni wa karibuni. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alitaka kipimo kimoja kitakachotazama wingi wa maandishi pamoja na kunukuliwa kwake. Utaratibu wake ni mwepesi: zipange makala za mtafiti kuanzia iliyonukuliwa zaidi hadi iliyonukuliwa kidogo, kisha teremka ukihesabu, usimame pale ambapo nambari ya makala inakaribia kuzidi idadi ya nukuu zake. Tuseme mtu ana makala saba zenye nukuu 90, 40, 12, 7, 5, 3 na 1. Makala ya tano ina nukuu 5, ya sita ina 3 tu, kwa hiyo h yake ni 5. Sasa mfikirie mwenzake aliyeandika makala tatu maishani mwake, moja ikapata nukuu 4,000 na mbili zilizobaki zikapata nukuu mbili mbili. Huyu h yake ni 2. Kwa kipimo cha Hirsch yuko nyuma sana, ingawa huenda makala yake moja ndiyo iliyofungua mlango ambao yule wa kwanza anapitia kila siku. Zaidi ya hayo, h haishuki kamwe, hata mtafiti akistaafu au akifariki, na kwa hiyo mzee wa wastani humshinda kijana hodari bila jasho.

Hirsch mwenyewe alionya kwamba fani hazilingani. Katika makala yake ile ile alionyesha kuwa mwanafizikia aliyeongoza kwa h wakati huo, Edward Witten, alikuwa na 110, ilhali aliyeongoza katika sayansi za uhai, Solomon Snyder, alikuwa na 191. Hakuna mwenye akili atakayesema kwamba Snyder alimzidi Witten kwa karibu mara mbili. Wanabiolojia ni wengi, makala zao ni nyingi, na orodha zao za marejeo ni ndefu, na katika bahari yenye samaki wengi nyavu hujaa upesi. Jenetiki ya saratani iko kwenye kina cha bahari hiyo. Ndani ya fani moja pia mna tofauti: anayebuni njia ya kupima au programu ya kuchambua data hunukuliwa na kila anayeitumia, na anayeandika makala ya mapitio, ambayo hukusanya matokeo ya wengine bila kuongeza jaribio jipya, mara nyingi hunukuliwa kuliko wale aliowakusanya. Makala ya Douglas Hanahan na Robert Weinberg ya mwaka 2000 kuhusu sifa kuu za seli za saratani ni ya mapitio, nayo ni miongoni mwa zilizonukuliwa zaidi katika fani nzima. Ni kazi yenye thamani kubwa, lakini thamani yake ni ya anayepanga mawe ya nyumba. Waliochonga mawe ni wengine.

Tuingie sasa kwenye jambo linalowababaisha wengi, nalo ni kujua makala ni ya nani. Habari ya jeni ya BRCA1 inatufaa, kwa sababu ndiyo iliyokuwa ikizungumzwa nyumbani kwetu. Kwa miaka mingi wataalamu wengi hawakuamini kwamba jeni moja ya kurithi inaweza kusababisha saratani ya matiti. Mary-Claire King, akiwa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alishikilia kwamba inawezekana, akafuatilia familia ambazo ugonjwa ulikuwa ukirudi kizazi baada ya kizazi. Mwaka 1990 yeye na wenzake walichapisha katika Science makala ya kurasa chache iliyotokana na familia 23 zenye wagonjwa 146, wakaonyesha kwamba katika familia ambazo wanawake waliugua mapema, jeni inayohusika iko kwenye kromosomu ya 17, yaani mmoja wa nyuzi za DNA zinazobeba jeni ndani ya seli. Kisha yakaanza mashindano ya maabara kuinasa jeni yenyewe, na walioinasa mwaka 1994 walikuwa kundi jingine, lililoongozwa na Mark Skolnick huko Utah. Jeni ya pili, BRCA2, ilipatikana kwenye kromosomu ya 13, na mpangilio wake ukachapishwa mwaka 1995 na kundi la Uingereza lililoongozwa na Michael Stratton.

Ukiitafuta makala ile ya 1990 kwa jina la mwanzo, utaikuta kwa jina la Hall, na wanaoinukuu huandika "Hall na wenzake". Jina la King liko mwisho. Katika sayansi za tiba, desturi ni kwamba wa kwanza ndiye aliyefanya sehemu kubwa ya kazi ya mikono, mara nyingi mwanafunzi au mtafiti kijana, na wa mwisho ndiye mwenye maabara, wazo na fedha. Walio katikati wanaweza kuwa wamechangia sana au wamechangia sampuli tu. Hesabu haijui desturi hiyo: kila jina, la kwanza, la mwisho au la thelathini, linapata nukuu ileile nzima. Ni kama karamu ya harusi ambapo mpishi, mwenye nyumba na aliyeazima sufuria wote wanaandikiwa kwamba wamepika pilau. Sisemi kwamba aliyeazima sufuria hana sehemu yake, maana bila sufuria pilau haipikwi.

Na sufuria katika jenetiki ya saratani zimekuwa kubwa mno. Mabadiliko mengi ya jeni yanayoongeza hatari ya saratani huiongeza kwa kiasi kidogo sana, kiasi ambacho hakionekani mpaka uwalinganishe watu makumi ya maelfu. Kwa sababu hiyo watafiti wameungana. Makala iliyotoka mwaka 2017 katika jarida la Nature, iliyotambua sehemu 65 mpya za jenomu, yaani jumla ya DNA ya mtu, zinazohusiana na hatari ya saratani ya matiti, ilitegemea wanawake 122,977 wenye ugonjwa na 105,974 wasio nao wenye asili ya Ulaya, pamoja na maelfu wengine wa Asia ya Mashariki, na waandishi wake walikuwa mamia. Mtafiti ambaye hospitali yake imejiunga na muungano kama huo anaweza kuwa mwandishi wa makala nyingi kubwa kila mwaka, na kwa njia hiyo h ya 86 ikajengeka ndani ya miaka isiyo mingi. Nambari hiyo haina uongo ndani yake, ila inasimulia habari ya kundi, na wewe umeisoma kama wasifu wa mtu mmoja.

Wakati nao una hila zake. Mwaka 1971 Alfred Knudson alichapisha uchambuzi wa watoto 48 waliougua saratani ya retina ya jicho, akakisia kwa hesabu tupu kwamba seli huhitaji kupigwa mapigo mawili ndipo igeuke kuwa saratani, na kwamba watoto wenye ugonjwa wa kurithi huzaliwa wakiwa wamekwisha kupata pigo la kwanza. Jeni yenyewe ilinaswa mwaka 1986, miaka 15 baadaye. Kipimo kinachotazama miaka miwili kisingeweza kumsubiri Knudson.

Mfano ninaoupenda zaidi ulitokea jirani yetu. Denis Burkitt alikuwa daktari wa upasuaji katika hospitali ya Mulago, Kampala, na mwaka 1958 alichapisha katika jarida la wapasuaji la Uingereza maelezo ya watoto 38 wenye uvimbe wa taya. Halikuwa jarida ambalo wanabiolojia wa saratani walikuwa wakilisoma, na makala haikuleta mshindo. Burkitt hakukata tamaa. Mwaka 1961 yeye na wenzake wawili walisafiri kwa gari kuukuu takriban maili 10,000, wakipita hospitali moja baada ya nyingine kuanzia Afrika Mashariki hadi kusini mwa bara, wakiuliza kila mahali kama uvimbe ule unaonekana huko, na ikawabainikia kwamba unafuata nyanda za joto na mvua zisizo na mwinuko mkubwa. Ukanda wetu wa Pwani ya Kenya ni sehemu ya nyanda hizo. Mwaka huohuo Burkitt alitoa mhadhara London, na miongoni mwa waliomsikiliza alikuwemo Anthony Epstein, ambaye alianza kupokea sampuli zilizosafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Mwaka 1964 Epstein, Bert Achong na Yvonne Barr wakatangaza virusi ambavyo leo vinaitwa kwa jina la Epstein na Barr. Uvimbe huohuo wa Kampala ndio uliowaonyesha wanajenetiki, katika miaka ya 1970, kwamba vipande vya kromosomu ya 8 na ya 14 hubadilishana mahali, na mwaka 1982 ikajulikana kuwa jeni inayohamishwa ni MYC, mojawapo ya jeni zinazochunguzwa zaidi katika saratani za kila aina.

Hebu jaribu kuipima makala ya 1958 kwa nukuu. Leo daktari huandika "limfoma ya Burkitt", ambalo ndilo jina la uvimbe ule, bila kuweka rejeo lolote, kama vile mtu anavyotumia methali bila kumtaja aliyeitunga. BRCA1 nayo imefikia hapo, kwani maelfu ya makala huitaja jeni hiyo kila mwaka na ni chache zinazorudi hadi mwaka 1990. Ugunduzi ukikubalika kabisa, jina la mwenyewe linayeyuka ndani ya lugha ya kazi, na kaunta ya nukuu inasimama. Katika hali hiyo nukuu huwa nyingi zaidi kwa jambo linalobishaniwa, na huwa chache kwa jambo ambalo hakuna tena anayelibishia.

Ubishi wenyewe pia huhesabiwa kuwa sifa. Mwaka 2006 watafiti wa Chuo Kikuu cha Duke, Marekani, walichapisha katika Nature Medicine njia ya kutumia alama za jeni za uvimbe kuchagulia kila mgonjwa dawa ya kemikali inayomfaa. Ilishangiliwa na kunukuliwa sana. Wanatakwimu wawili wa Houston, Keith Baggerly na Kevin Coombes, walijaribu kuirudia hesabu hiyo wakakuta safu za data zimesogezwa na majina yamechanganywa. Walichapisha matokeo yao mwaka 2009, majaribio kwa wagonjwa yakasimamishwa, na makala ikaondolewa mwanzoni mwa mwaka 2011. Kila makala iliyoandikwa kuifichua ililazimika kuinukuu. Kwa kaunta, aliyeandika "njia hii ni bora" na aliyeandika "njia hii ni ya uongo" wameongeza moja moja.

Kuna udanganyifu wa kiwango cha chini kuliko huo ambao umeenea zaidi. Mtafiti wa saratani wa Australia, Jennifer Byrne, aliona makala kadhaa kuhusu jeni aliyoifahamu vizuri ambazo zilifanana mno na zilikuwa na mfuatano wa herufi za DNA usiolingana na jeni iliyotajwa, ni kama mtu anayedai ameandika barua kwenda Lamu ilhali anwani ni ya Voi. Alishirikiana na Cyril Labbé wa Ufaransa kutengeneza programu ya kukagua mifuatano hiyo, na kilichobainika ni kwamba makala za jeni za saratani ni bidhaa pendwa ya viwanda vinavyowauzia watu makala za kubuni. Sababu inaeleweka: jeni ziko maelfu, aina za saratani ni nyingi, na ukibadilisha jina la moja na la nyingine unapata makala "mpya". Makala hizo hunukuu nyenzake za kiwandani, na hivyo zinapandisha hesabu za watu ambao hawajawahi kushika bomba la maabara.

Kwetu sisi wa Pwani kuna tatizo jingine lisilo na ulaghai wowote, nalo ni la majina. Mtafiti anayeitwa Ali Mohamed Salim anaweza kuandikwa Salim A.M. katika jarida moja, Ali M.S. katika jingine na Saleem katika la tatu, na hifadhidata ikamfanya watu watatu maskini. Au ikachukua watu watano wenye jina hilo, mmoja wa Mombasa, mmoja wa Muscat na wengine wa Cairo, ikawafanya mtu mmoja tajiri. Kwa ajili hiyo tangu mwaka 2012 kuna kitambulisho cha ORCID, nambari yenye tarakimu 16 ambayo mtafiti hujisajilia bila malipo na kuiambatanisha na kila anachoandika. Hifadhidata zenyewe hazikubaliani: Google Scholar huhesabu karibu kila kinachopatikana mtandaoni, tasnifu na rasimu zikiwemo, ilhali Web of Science na Scopus huchagua majarida, na kwa hiyo mtu mmoja huwa na h tatu tofauti kwa siku moja. Majarida mengi ya Afrika hayamo katika uchaguzi huo.

Zaidi ya majina kuna suala la nani anachunguzwa. Mapitio yaliyochapishwa katika jarida la Cell mwaka 2019 yalionyesha kwamba miongoni mwa watu walioshirikishwa katika tafiti za kulinganisha jenomu nzima na magonjwa, takriban asilimia 78 walikuwa wenye asili ya Ulaya na asilimia 2 tu wenye asili ya Afrika. Matokeo yake yanafika hadi kwa mgonjwa wa Makadara au Likoni. Maabara ikisoma jeni zake inaweza kukuta badiliko ambalo halijawahi kuandikwa popote, na jibu linalorudi ni kwamba maana yake haijulikani. Makala ya mtafiti atakayeeleza mabadiliko ya familia 20 za Pwani itanukuliwa na wachache, kwa kuwa wanaofanya kazi hiyo ni wachache. Nukuu hufuata wingi wa waandishi, na waandishi hufuata fedha. Kwa daktari anayejaribu kuifasiri karatasi ya maabara ya mgonjwa huyo, makala yenye nukuu 11 inaweza kuwa ndiyo pekee yenye jibu.

Mambo haya wanasayansi wenyewe wameyaona. Mwezi Desemba 2012 wahariri na watafiti waliokutana San Francisco walianza kuandika azimio, lililotangazwa mwaka uliofuata, linalozitaka taasisi ziache kutumia kipimo cha athari ya jarida kama badala ya kupima ubora wa makala moja moja au wa mtu. Limetiwa saini na maelfu ya watu na taasisi. Fomu nyingi za kuombea kazi na kupandishwa cheo bado zina kisanduku cha h, na sidhani kitaondoka karibuni, kwa sababu kukijaza ni kazi ya dakika moja ilhali kusoma makala tano za mtu ni kazi ya wiki nzima.

Mimi na binti tuliirudia simu ile siku iliyofuata, baada ya alasiri. Tuliipanga upya orodha kwa miaka badala ya nukuu, tukatenga makala ambazo jina la mtafiti lilikuwa la kwanza au la mwisho, tukaziweka kando za miungano mikubwa na za mapitio, kisha tukaangalia kama kuna yoyote iliyoondolewa, haikuwepo. Zilizobaki zilikuwa chini ya robo ya orodha yote, na nukuu zake zilikuwa sehemu ndogo ya zile 40,000, ila zilifuata swali moja kwa zaidi ya miaka 20 bila kuyumba, na tulipofungua baadhi ya kazi za watu wengine waliomnukuu tulikuta wamerudia vipimo vyake na kupata majibu yanayokaribiana na yake. Makala ambayo daktari aliitaja ilikuwa chini kabisa ya ukurasa wa pili. Binti akaigusa ifunguke, akateremka moja kwa moja hadi kwenye jedwali linaloonyesha washiriki walitoka nchi gani, na kahawa yake ikapoa akilisoma.